Mjadala: Kijana akijiua mtaani kwetu, tuseme au tunyamaze?

Mleta mada (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, mbukwenyi.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Mwezi uliopita hapa mtaani kijana wa miaka ishirini na kitu alijiua. Wanaomfahamu wanamfahamu, wengine jina halitawasaidia. Mwili haujatolewa ndani, picha ilishafika kwenye magrupu matatu ninayoyajua: la mtaa, la kikoba, na la wazazi wa shule ya msingi. La wazazi! Karatasi aliyoiacha nayo ikapigwa picha, watu wanaisoma kwenye bajaji wakitoka Sabasaba.

Siku ya pili msibani, msemaji wa familia akasimama: "Marehemu aliugua ghafla." Tukainamisha vichwa. Turubai zima lina ile picha kwenye simu, na turubai zima likakubali kwamba kijana aliugua ghafla.

Yaani tulitangaza yote yasiyofaa kutangazwa, tukaficha lile moja la kusema. Hoja yangu: grupu la mtaa liwe na sharti. Likitokea tena (Mungu apishe mbali), itajwe wazi kwamba mtu amejiua. Bila picha, bila kueleza alivyofanya, bila barua. Na hapo hapo iwekwe namba ya mtu wa kumpigia kwa yeyote anayelemewa. Nipingeni.

Mzee wa Makole

Nakupinga kwa nia njema, mwanangu. Bibi yangu kule Mvumi hakuruhusu neno hilo litajwe watoto wakiwa uani, na haukuwa ujinga. Jambo likisemwa mara kumi huanza kuonekana la kawaida. Mtoto wa kidato cha pili aliyefeli anaona fulani kajiua, watu wamejaa, wanalia, wanamsifu kuliko walivyomsifu akiwa hai. Hapo anajifunza nini?

Na ile nyumba ina mabinti wawili hawajaolewa. Ukiandika kwenye grupu "alijiua" umewaandika na wao kwenye paji la uso. Mnaita "aliugua ghafla" uongo. Mimi naiita shuka la kumfunika maiti.

Boda wa Jamatini

Si wangempeleka Mirembe mapema jamani 😂😂

Nesi (Bahi)

Wa Jamatini, futa hicho kicheko. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ipo Dodoma tangu 1927, inakaribia karne, na sisi wenyeji ndio tulioigeuza tusi. Nilimwandikia mama mmoja rufaa ya kwenda pale, akaniambia, "Nesi, bora nife kuliko nionekane nashuka gari Mirembe." Alicheka alipolisema. Nilipomshika mkono niliona hakuwa anacheka.

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako kuhusu mtoto wa kidato cha pili ni ya kweli. Kumsifia marehemu kupita kiasi na kusimulia alivyofanya kunaweza kumvuta mwingine ambaye tayari yuko pabaya. Ila umeweka kapu moja vitu viwili. Kusimulia ni kitu kimoja, kuuliza ni kingine. Kazini namuuliza mtu usoni: "Je, umefika mahali pa kuwaza kujiua?" Mwanzoni nilikuwa naogopa mpaka nalizungusha neno, "unawaza mambo mabaya?", mgonjwa naye anazungusha jibu. Sasa nalitaja. Wengi hushusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Wataalamu wamelichunguza hili miaka mingi: kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo.

Kigumu ni dakika zinazofuata. Sitoi mahubiri. Simwambii "mbona wenzako wana shida kubwa zaidi." Simwachi peke yake. Namwomba anitajie ndugu mmoja anayemwamini, nampigia mbele yake, tunakubaliana vitu vya hatari vitoke nyumbani au vifungiwe kwa jirani. Halafu hospitali: General, Benjamin Mkapa, au hiyo hiyo Mirembe mnayoicheka. Mtoto au kijana mdogo anaweza kupiga 116, simu ya watoto, haina malipo.

Na acheni kuandika "kachukua maamuzi magumu". Mtu ambaye akili imezibwa na maumivu haoni njia tatu akachagua moja, haoni njia. Mkiita uamuzi, tena mgumu, mnampa sifa ya ushujaa ambayo mzee wetu hapa juu anaiogopa.

Mwanahabari

Niungame. Nimewahi kuandika kichwa cha habari "Ajiua kisa mapenzi", na niliyekuwa nimezungumza naye ni jirani mmoja, kwa simu. Kisa mapenzi! Kulikuwa na deni, kulikuwa na pombe, kulikuwa na miezi ya kutolala. Ugomvi wa mapenzi ndio ulipigiwa kelele uani, kwa hiyo jirani akausikia huo. Na kila aliyeachwa na mpenzi wiki ile alisoma gazeti langu.

Mzee, una ushahidi upande wako. Vienna kule Austria, mwaka 1987, magazeti yalikubaliana kuacha kuandika kwa kishindo aina fulani ya vifo vya kujiua iliyokuwa imeongezeka jijini. Habari zikawa fupi, za kurasa za ndani, nyingine hazikuandikwa kabisa. Vifo vya aina ile vikashuka ndani ya mwaka uleule. Lakini mwaka 2010 watafiti wa huko huko wakatoa upande wa pili: habari za watu waliofika ukingoni wakarudi ziliambatana na vifo kupungua. Kwa hiyo mleta mada swali lako limepungua. Tukisema, tuseme habari za nani?

Msaidizi wa sheria (Chamwino)

Mnasema "aombe msaada, aombe msaada" kama vile polisi hawapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217: kujaribu kujiua ni kosa. Nimeona familia ikimficha kijana ndani siku mbili, mgonjwa mahututi, kwa kuogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Sheria hii tumerithi kwa Mwingereza, na yeye kwao aliifuta mwaka 1961! Ghana wameondoa ya kwao 2023. Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Bunge letu liko hapa hapa Dodoma, mwendo wa daladala. Tungepeleka hoja huko badala ya kupangiana masharti ya WhatsApp.

Askari mstaafu

Dada, umechora picha ya upande mmoja. Nimekaa kituoni miaka mingi. Mara nyingi nilimshika mtu ili asirudi kufanya tena usiku ule, ndugu wenyewe wakiniomba. Bila kifungu ningemshikia nini?

Msaidizi wa sheria (Chamwino)

Ungemshikia Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, afande. Inaruhusu mtu kupelekwa na kulazwa kwa matibabu hata akikataa. Tofauti ni kwamba huko anaamka wodini, kwako anaamka mahabusu.

Askari mstaafu

Hapo umenipiga. Ila saa nane za usiku, kijijini, wodi iko wapi? Mahabusu ndiyo yenye mlango karibu. Jibuni na hilo.

Katekista (Kongwa)

Namwachia msaidizi wa sheria hilo la wodi, sina jibu. Nataka kugusa mazishi, kwa sababu hofu ya "atanyimwa ibada" ndiyo inayozaa huo uongo wa ugonjwa wa ghafla. Kwa sisi Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya 1983 haiwataji tena waliojiua katika orodha ya wanaonyimwa mazishi ya Kanisa, na Katekisimu inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wao. Waumini wengi hawajaambiwa. Makatekista wengine pia.

Na Eliya? Alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala, akaletewa chakula tena. Yaliyobaki ya safari yalisubiri.

Ustadhi (Kondoa)

Upande wetu kuna hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia mtu aliyejiua, na wengi wanaishia hapo. Wanazuoni walio wengi wanasema jamaa wengine wamswalie, naye ni Mwislamu. Sina zaidi.

Asiyetaja jina

Mwanahabari ameuliza habari za nani. Nijitolee.

Nilikuwa na biashara ndogo ya mafuta ya alizeti. Nikachukua mkopo wa kausha damu kulipa mkopo mwingine wa kausha damu. Wakaja kuchukua friji mchana, majirani wanaona. Ile wiki niliacha kula, nikawa namjibu mke wangu neno moja moja. Nikagawa vitu vyangu: simu ya pili nikampa mdogo wangu, koti nikampa fundi. Watu wakasema nimekuwa mkarimu.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ndiye hakusifu. Alipokea redio kutoka kwangu, akaiweka chini, akasema, "Shemeji, unaniaga?" Sikuweza kujibu. Akakaa. Alikaa mpaka adhuhuri ya siku iliyofuata, hakunishauri chochote, alikuwa anachambua mchele. Baadaye tukaenda hospitali pamoja. Nilipata dawa, nikapata mtu wa kuongea naye kila baada ya wiki mbili. Deni bado nalilipa, huu mwaka wa tatu. Kuna siku mbaya. Zikija, najua namba ya nani naipiga kwanza.

Mzee wa Makole, kwenye grupu letu siku zile ilirushwa picha ya mtu mwingine kabisa, wa mkoa mwingine. Niliitazama usiku kucha. Angekuwa mtu ameandika hapo, "nilipita hapa, nipigie", ningeisoma pia. Nilikuwa nasoma kila kitu.

Mzee wa Makole

Nimekusoma mara mbili, mwanangu. Mungu amlinde huyo shemeji. Shuka langu silitoi bado, lakini ningekuwa admini ningefuta ile picha leo.

Boda wa Jamatini

Nimefuta kicheko. Samahani nesi.

Mama wa Area C

Mleta mada, baba, mnatunga masharti ya msiba wa watu. Mama wa yule kijana amewahi kuulizwa anataka nini?

Mleta mada

Hajaulizwa. Umenikamata.

Mleta mada (siku nne baadaye)

Nilikwenda na mjumbe wa shina na mke wangu. Tulibeba sukari na unga, tukakaa kimya muda mrefu.

Mama alisema "aliugua ghafla" haikuwa kauli yake. Wajomba waliipanga usiku. Akasema, "Kama ni ugonjwa, haukuwa wa ghafla. Miezi minne alikuwa hali, halali. Nilimwona. Sikujua nimuulize nini, na sikujua nimpeleke wapi pasipochekwa." Hataki tusimulie alivyokufa. Anaruhusu tuseme alikuwa anaumwa na kwamba ugonjwa ule una tiba. Anataka pia isemwe kwamba alikuwa fundi mzuri wa simu, simu za nusu ya mtaa zimepita mkononi mwake.

Kwa hiyo sharti langu nalirekebisha: familia iulizwe kwanza, isemwe kile walichoruhusu. Namba tumepata mbili, ya nesi wa zahanati yetu na ya mama mmoja wa kanisani ambaye usiku hulala na simu wazi. Hoja ya wodi za vijijini nimeibeba, sijui pa kuitua.

Ombi lake la mwisho lilikuwa dogo: picha ifutwe. Kikoba wamefuta nikiwa bado nimekaa pale. Grupu la mtaa wamefuta jioni. La wazazi, admini hajapokea simu. Kesho naenda kwake na bodaboda.