Mtoto wa miezi mitatu na nusu atiliwe uji wa wimbi kwenye chupa ili alale usiku?

Mama Kifungua Mimba, Umoja

Hamjambo wazazi wenzangu. Swali hili limeninyima utulivu kwa siku kadhaa, na ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kulea na pia kwa wenye ujuzi wa afya ya watoto.

Mwanangu ana miezi mitatu na nusu, na tangu azaliwe hajaonja kitu kingine isipokuwa maziwa yangu. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki iliyopita, nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya wiki ya 14, mizani ilionyesha kilo 6.2. Likizo yangu ya uzazi ilikwisha na sasa nina wiki mbili tangu nirudi kazini mjini. Hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nisinaswe na msongamano wa Barabara ya Jogoo, na hurudi yapata saa moja jioni. Zamani mtoto aliamka mara mbili kwa usiku. Siku hizi huamka mara nne au tano, na asubuhi nasinzia ndani ya matatu hadi napitishwa kituo.

Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu nilipojifungua na ambaye bila yeye nisingeweza hata kurudi kazini, anasema mtoto ana njaa na kwamba maziwa peke yake yamekuwa mepesi kwake. Amenieleza namna ya kufanya: kijiko kimoja cha unga wa wimbi kinapikwa kikawa uji mwepesi, unachujwa kwa kitambaa, unachanganywa na maziwa niliyokamua, kisha tundu la chuchu ya chupa linapanuliwa kwa sindano iliyopashwa moto. Sindano hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Sitaki kumvunjia mama heshima, lakini pia sitaki kumdhuru mtoto. Je, jambo hili lina ubaya?

Nyanya wa Kayole

Mwanangu, pole kwa kukesha. Mimi nimelea watoto watano, na wote walianza uji kabla ya kufikisha miezi minne, wengine kwa kikombe na wengine kwa chupa, na wote ni wazima, mmoja wao ni mwalimu. Wakati ule tuliambiwa hivyo hivyo kliniki, kwamba miezi minne inatosha. Mama mkwe wako hakukosea kukushauri, kwa hiyo usimsikilize kama mtu asiyejua kitu. Neno langu ni moja tu: uji usiwe mzito, na mtoto asilishwe akiwa amelala chali.

Muuguzi, Kliniki ya Mama na Mtoto

Naanza na nyanya, kwa sababu anasema kweli na jambo hilo husahaulika. Hadi mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto anyonyeshwe bila chakula kingine kwa miezi minne hadi sita. Mwaka huo ndipo ushauri ulipobadilishwa ukawa miezi sita kamili, kisha vyakula vya kulikiza vianze huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo mama mkwe anarudia alichofundishwa na wauguzi wa enzi zake, na ukizungumza naye ukianzia hapo utamkuta ni msikivu kuliko ukianza kwa kumwambia kwamba amekosea.

Sasa usingizi. Mwaka 1989 nchini Marekani ulichapishwa utafiti uliowagawa watoto kwa bahati nasibu, kundi moja likaanza kutiliwa nafaka kwenye chupa ya usiku katika wiki ya tano na jingine katika mwezi wa nne, na hapakuonekana tofauti ya maana katika kulala usiku kucha. Haki inanitaka nitaje na upande wa pili: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watoto zaidi ya 1,300, uliona kwamba walioanza vyakula mapema, kuanzia miezi mitatu, huku wakiendelea kunyonya, walilala muda mrefu zaidi. Tofauti hiyo ilipofikia kilele ilikuwa kama dakika 17 kwa usiku. Tena hapakuwa na suala la kumiminia uji kwenye chupa. Kila mmoja na apime mwenyewe kama dakika 17 zinastahili sindano ya moto.

Kuhusu maziwa kuwa mepesi, hebu tupige hesabu. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban kalori 65 hadi 70. Gramu 100 za unga mkavu zina kalori kama 350, lakini uji unaoweza kupita kwenye tundu la chupa hauwezi kubeba zaidi ya gramu nane hivi za unga katika mililita 100, na hizo ni kalori 28. Uji unaonekana mzito kwa macho kwa sababu wanga umevimba kwa maji, ilhali tumboni unachukua nafasi ya maziwa yaliyo na nguvu zaidi ya mara mbili. Ukiuchanganya na maziwa uliyokamua, unayazimua. Isitoshe, kongosho la mtoto wa umri huu bado linatoa kimeng'enya kidogo sana cha kusaga wanga, na ndiyo maana wengi wanaoanzishwa uji mapema huletwa kwetu wakiwa wamefunga choo.

Lililobaki ni chupa yenyewe. Mtoto anaponyonya huamua mwenyewe mwendo wa maziwa, hupumzika, huvuta pumzi, na akishiba huachilia. Tundu lililopanuliwa linamnyang'anya uamuzi huo, na kinywaji kizito kinachokuja kwa kasi ndicho kinachompalia.

Kabla sijaendelea, naomba nikuulize jambo ambalo huenda ndilo kiini cha yote: unapotoka asubuhi, unaacha maziwa kiasi gani?

Baba wa Wawili, Donholm

Nitasimulia lililotupata sisi na kifungua mimba wetu, maana aliyefanya ni mimi mwenyewe na sina wa kumlaumu. Alikuwa na miezi minne. Nilipanua tundu kwa sindano niliyoishika kwa koleo juu ya jiko, nikaona nimepata. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne donge dogo la uji likaziba tundu. Mtoto akavuta, hapati kitu, akaanza kulia, nami kwa haraka nikaibinya chupa. Donge likatoka kwa kishindo na uji ukafuata wote kwa pamoja. Akapaliwa. Hakulia wala hakukohoa, na midomo ikaanza kugeuka rangi. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kikiwa chini, nikampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja, na pigo la nne au la tano likautoa. Tulikwenda hospitalini usiku huo huo na daktari akayasikiliza mapafu yake kwa muda mrefu kabla ya kusema kwamba yako salama.

Chuchu ile ilitupwa. Wa pili hakuonja uji hadi miezi sita, na alikula kwa kijiko.

Mama Kifungua Mimba, Umoja

Nashukuru nyote. Baba wa Donholm, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mama kwa sauti.

Muuguzi, swali lako limenifumbua macho. Huwa naacha chupa mbili za mililita 90, na kwa ukweli ndicho ninachofaulu kukamua usiku baada ya mtoto kulala. Sikuwahi kufanya hesabu. Jambo jingine ni kwamba hucheua baada ya karibu kila mlo, maziwa yakitiririka kidogo kwenye kidevu, na mama anaona uji ungeyatuliza. Je, ni kweli?

Muuguzi, Kliniki ya Mama na Mtoto

Basi tumepata jibu. Mtoto wa umri huu anayenyonya hutumia kwa wastani mililita 750 hivi kwa saa 24. Wewe huwa nje kwa zaidi ya saa 13, muda ambao angehitaji takriban mililita 400, na anapata 180. Zilizobaki anakudai usiku. Mama mkwe aliona njaa, na njaa ipo kweli. Dawa yake ndiyo iliyokosea. Mrudishe kliniki apimwe uzito tena, kwa sababu kipimo cha wiki iliyopita hakiwezi kuonyesha vyema athari ya siku chache hizi.

Kamua mara mbili au tatu ukiwa kazini, kila baada ya saa tatu hivi, kwa sababu ziwa lisilotolewa maziwa mchana kutwa hupunguza kuyatengeneza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, kwa hiyo ukiomba chumba unaomba haki, ingawa najua ofisi ambako mama bado anafungiwa stoo ya karatasi na kiti cha plastiki. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa hadi saa nne katika joto la kawaida la chumba na siku nne ndani ya friji, na kwenye kikapu cha baridi chenye vipande vya barafu hukaa saa 24, muda unaotosha sana kuyafikisha Umoja. Anayebaki na mtoto anaweza kumnywesha kwa kikombe kidogo kisafi, akiwa ameketi wima. Kikombe husafishwa kwa urahisi kuliko chupa, na hakina chuchu ya kutobolewa.

Kucheua kwa watoto wengi hufikia kilele karibu na miezi minne, na huisha kwenyewe kabla ya mwaka. Anayecheua huku uzito unapanda hana ugonjwa. Mbebe wima kwa muda baada ya kunyonya na umsaidie kubeua. Wapo watoto ambao daktari huagiza maziwa yao yafanywe mazito kwa sababu ya kucheua kulikopita kiasi, na huo ni uamuzi wa daktari aliyempima mtoto mwenyewe. Hata hivyo, uji ndani ya maziwa ya mama haudumu kuwa mzito: maziwa hayo yana kimeng'enya chake kinachovunja wanga, na baada ya muda mfupi unakuta mchanganyiko umekuwa maji. Matapishi ya kijani au yenye damu, yanayoruka mbali kwa nguvu, au mtoto anayekataa kunyonya na kupungua uzito, huyo apelekwe hospitalini bila kungoja kesho.

Nikuambie pia kwamba hauko peke yako. Watafiti waliofuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda hapa Nairobi, waligundua, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, kwamba ni takriban asilimia mbili tu walionyonyeshwa bila kitu kingine kwa miezi sita kamili. Ukiwa na kibarua cha siku usichoweza kukiacha, uji hautokani na ujinga.

Mama Kifungua Mimba, Umoja

Narudi baada ya siku tisa. Nakamua mara mbili kazini na mara moja alfajiri, na sasa naacha mililita 360, ambazo mama humnywesha kwa kikombe cha chai cha udongo alichokichagua mwenyewe. Usiku mtoto anaamka mara mbili, mara tatu siku mbaya. Amepimwa tena na ana kilo 6.5.

Nilimweleza mama habari ya mwaka 2001. Alinyamaza kidogo, akasema kumbe mafunzo yao yalibadilishwa wala hakuna aliyerudi kijijini kuwaambia. Kisha akasema kwamba basi miezi sita ikifika ni yeye atakayepika, nami nikakubali. Jana nimerudi nikakuta wimbi limelowekwa kwenye sufuria na jingine limetandazwa juu ya gunia lenye unyevu kwenye roshani, linachipua. Anatengeneza kimea, na bado imebaki zaidi ya miezi miwili! Je, kimea kinafaa kwa mtoto au nimzuie?

Muuguzi, Kliniki ya Mama na Mtoto

Usimzuie, ingawa mwambie hana haraka. Nafaka inapochipua hutoa kimeng'enya kile kile tulichokuwa tukikitaja. Ukipika uji mzito wa kushikana na kijiko, ukauacha upoe kidogo na kutia kijiko kidogo cha unga wa kimea, unalegea mbele ya macho yako bila kuongezewa maji, kisha unauchemsha tena kidogo. Kwa njia hiyo mtoto anapata unga mwingi katika vijiko viwili au vitatu anavyoweza kula mwanzoni, na madini yaliyomo kwenye wimbi yanamfaa zaidi mwilini. Miezi sita ikifika aongezewe pia chakula chenye madini ya chuma kama ini, nyama iliyosagwa au maharagwe yaliyopondwa, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo huwa inakaribia kwisha wakati huo.

Mwambie mama kimea kikauke kabisa juani, kisipate ukungu hata chembe, na apukuse mizizi kabla ya kukipeleka kusagwa, la sivyo uji utakuwa mchungu.