MJADALA: Wanachuo wa mwaka wa korona walikuwa wavivu, au walichoshwa?

Wadau, salamu. Juzi msibani niliketi karibu na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Akasema sisi tuliokuwa chuoni wakati wa korona ni legelege: "Mlikaa nyumbani miezi miwili na nusu mnakula na kulala. Uchovu mliutoa wapi?" Shikamoo yake ipo palepale, na msibani habishani mtu. Nabishana hapa.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Machi 18 vyuo vikafungwa, Juni 1 vikafunguliwa. Nilikuwa mwaka wa pili. Huko nyumbani boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, hakuna, genge la mama limekosa wateja, na aliyeamka saa kumi alfajiri kufuata nyanya sokoni ni mimi. Madesa, yaani notisi za masomo, yalilala kwenye begi. Hujui unarudi lini, kwa hiyo husomi ukaelewa na hupumziki ukatulia.

Ila mimi siilaumu ile likizo. Nailaumu ratiba tuliyoikuta. Chuo chetu kilibana wiki ili mwaka usiyumbe: vipindi mpaka Jumamosi jioni, test tatu ndani ya siku mbili, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikaingia bila hata wiki ya kujisomea. Hosteli tulikuwa tunabebana, wawili kitanda kimoja, barakoa zimeanikwa kwenye nondo za dirisha. Mwenzangu wa chumba ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu usiku. Jioni moja nikamkuta kaketi, viatu miguuni, daftari wazi ukurasa uleule niliomwacha nao asubuhi. Akaniambia, "Nasoma, ila haiingii." Kesho yake mtihani ulifanyika yeye akiwa kitandani, macho wazi.

Huo ni uvivu? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kwa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kuikimbia kazi yako, na kujiona huwezi tena. Najua liliandika kuhusu watu wa kazini. Mimi zote tatu niliziona kwenye kile kiti.

Wanaotetea ratiba ile wana hoja, tena nzito: mwaka ukisogea, mzazi analipia hosteli zaidi, na wa mwaka wa mwisho anachelewa kutafuta kazi. Sikatai. Lakini kumaliza kwa wakati hakukulazimisha idadi ya test ibaki ileile wakati wiki zimepungua. Mbili zingeweza kuwa moja. Kazi ya kikundi ingetosha badala ya nyingine.

Wahadhiri mliomo humu, mliwahi kulijadili hilo kwenye vikao vya idara, au kila mtu alibana somo lake bila kujua la mwenzake? Na ndugu wa Kenya mliosomea mtandaoni, huko ilikuwaje: mlipata nafuu, au mlichoka mkiwa sebuleni?