Je, dawa ya kusukutua mdomo inaweza kupandisha presha?

Mwana wa Kibosho (Moshi)
Habari zenu, wana jukwaa. Mama yangu anatumia vidonge vya presha, na tangu fizi zake zilipoanza kutoa damu amekuwa akisukutua asubuhi na jioni kwa dawa yenye klorheksidini. Fizi zimepona, lakini hataki kuiacha kwa kuwa anaamini itamwondolea pia ule ukahawia wa meno tunaoujua sisi wa huku. Jirani anadai kwamba dawa hiyo huua bakteria wanaoshusha presha. Kuna ukweli?

Mama Neema (Arusha)
Jirani yenu hakubahatisha. Mchicha na mboga nyingine za majani zina nitrati, ambayo ikishafyonzwa, takriban robo yake hurudishwa mdomoni kupitia tezi za mate, na hapo bakteria wanaokaa hasa nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitriti. Mate yakimezwa, sehemu ya nitriti hiyo hugeuka tumboni kuwa gesi ya nitriki oksidi na nyingine huingia katika damu. Nitriki oksidi ndiyo inayolegeza mishipa, na waliogundua kazi yake hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 19 wenye afya walisukutua klorheksidini kwa siku 7, na presha yao ikapanda kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki. Ni kiasi kidogo na watu wenyewe ni wachache, kwa hiyo asitishike.

Kuhusu ukahawia, mwambie mama ukweli: ule wa floraidi, madini yaliyo mengi katika maji yetu, umo ndani ya jino na hautoki kwa kusukutua, na klorheksidini ikitumiwa muda mrefu huongeza madoa yake yenyewe.

Mzee wa Machame
Msiusahau utumbo. Bakteria wa huko huchachusha nyuzinyuzi za maharage na mboga, wakatoa asidi za mafuta zenye minyororo mifupi ambazo huathiri mishipa na figo. Mwaka 2017 watafiti waliwapandikizia panya wasio na bakteria kinyesi cha wagonjwa wa presha, na presha ya panya hao ikapanda. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, basi, ni chakula kizuri, ila magadi tunayotia ili maharage yaive upesi yana sodiamu kama chumvi, na wengi wetu hatuyahesabu.

Mwana wa Kibosho (Moshi)
Nashukuruni sana. Je, akila mchicha kwa wingi anaweza kupunguza vidonge?

Mama Neema (Arusha)
Hapana, ndugu yangu. Vidonge vinapunguzwa na daktari baada ya vipimo, na mwenye matatizo ya figo aulize kwanza kabla ya kuongeza mboga hizo, kwa sababu zina potasiamu nyingi. Aendelee kupiga mswaki kila siku, kwani ugonjwa wa fizi nao huandamana na presha ya juu, na hiyo dawa ya kusukutua amwulize daktari wa meno kama bado anaihitaji.