FC 24 ni mfululizo mpya, au ni FIFA iliyobadilisha jezi?

kipa_wa_akiba
Wakuu, napanga jedwali la magemu kwa mfululizo, nimekwama. Gemu la mpira la EA, FIFA 23, lilitoka Septemba 2022, EA Sports FC 24 ikatoka Septemba 2023. Ziwe kundi moja au nifungue jipya? Na PES 2021 (Pro Evolution Soccer ya Konami) dhidi ya eFootball 2022 iliyoifuata?

Padi_Nyeusi
Mkuu, jina weka kando kwanza. Angalia kilichovuka: studio, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu), modi (aina za kucheza), vidole vya mchezaji. FC 24 imetoka studio zilezile za EA, Vancouver na Romania. Injini ni Frostbite, iliyoingia tangu FIFA 17. Modi ya Ultimate Team ipo, Career ipo, na aliyezoea kupiga krosi kwenye 23 hajifunzi upya. Kilichoondoka ni leseni ya shirikisho la FIFA: neno FIFA na Kombe la Dunia. Premier League na La Liga zina leseni zao, zikabaki. Kundi moja, ila ongeza safu ya "jina la sokoni".

Ukifuata jina utaumbuka. Mwaka 2024 shirikisho la FIFA liliingia ubia na Konami, mashindano yake ya magemu, FIFAe, yakachezwa kwa eFootball. Utaihamishia Konami kwenye kundi la EA?

Joystiki
eFootball ni ngumu zaidi. PES 2014 hadi 2021 zilitumia injini ya Fox Engine. eFootball 2022 ikaja na injini ya Unreal, ya kupakua bure, bila Master League (modi ya kuongoza klabu). Hata sehemu ya kuhariri haikuwepo siku inatoka, kwa hiyo mafaili ya majina na jezi ya PES hayakuwa na pa kuwekwa. Hata hivyo mimi naiweka kama tawi la PES, maana Konami walianza kuhamisha jina polepole: iliyotoka 2019 iliitwa eFootball PES 2020.

Angalia pia ISS (International Superstar Soccer). Konami walikuwa nazo mbili, ya studio ya Osaka na ya studio ya Tokyo. ISS Pro ya Tokyo ndiyo iliyozaa Pro Evolution Soccer mwaka 2001. Ukipanga kwa herufi utazichanganya.

kipa_wa_akiba
Nimekupata. Na gemu linalochomoka ndani ya mfululizo mwingine, kama la Wario, mhusika wa magemu ya Mario?

Padi_Nyeusi
Hilo usiliamue siku ya kwanza, subiri la pili. Gemu la 1994 liliitwa Wario Land: Super Mario Land 3, na Wario akiguswa na adui alisinyaa kama Mario. Likabaki chini ya Mario. Wario Land II ya 1998 namba yake inahesabu kuanzia gemu la Wario, si la Mario, na humo hafi: akiungua anakimbia na moto, akibanwa anakuwa bapa, anaendelea. Hapo ndipo unafungua kundi, unalihamishia na lile la 1994, na kwenye safu ya "chanzo" unaandika Super Mario Land.

Joystiki
Hapa tunaachana kidogo, mkuu. Kwa kigezo chako Dark Souls (2011) ingekuwa Demon's Souls ya pili: studio ni FromSoftware ileile, ukifa unaangusha roho ulizokusanya na kurudi kuziokota vilevile. Lakini Demon's Souls ya 2009 ni mali ya Sony, na Dark Souls nje ya Japani ilitolewa na Namco Bandai, ikiwa na dunia na hadithi yake. Kwa hiyo kipa, weka na safu ya "mwenye haki". Haki ikiwa kwingine na hadithi haiendelei, fungua kundi jipya hata kama vidole havihisi tofauti.

kipa_wa_akiba
Safu tatu basi: jina la sokoni, chanzo, mwenye haki. FC 24 inarudi kwa FIFA.