Nimemsema diwani kwenye wimbo, diwani kaupenda. Nifanyeje wakuu?

Kinanda_Mbovu:
Wakuu habari za jioni. Mimi msanii mdogo tu, niko Tanga. Mwezi uliopita nilitoa wimbo wa ushuru wa sokoni: mama wa mchicha analipa kila siku, choo cha soko hakina maji. Jina la mtu sikutaja, ila mtaani wote wanajua. Nilijiandaa kuitwa, hata mama nilishamuaga.

Juzi simu ikaja kweli. Diwani mwenyewe. Eti wimbo umemgusa, anataka niuimbe kwenye mkutano wake, laki tatu na nauli juu. Niliishiwa nguvu. Kama ninayemsema anaucheza, nimesema nini sasa? Niendelee au nirudi kwenye mapenzi? Nawasilisha.

Mzee wa Kaseti:
Hujaanza wewe, kijana. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo wa "Wapo", ulioisema serikali, na BASATA, baraza la sanaa la taifa, wakaufungia. Kesho yake Rais Magufuli kaagiza aachiwe, upigwe redioni, na akashauri aongezee wakwepa kodi humo humo! Tulishangilia, mimi nikiwemo. Baadaye ndipo nikajiuliza, ule wimbo ulipotoka rumande ulikuwa bado wetu? Simlaumu Nay, angefanya nini. Ila tangu siku ile naogopa zaidi wimbo wangu kusifiwa kuliko kufungiwa.

chapaa_kwanza:
Laki tatu chukua. Studio hailipwi kwa uzalendo.

Jirani wa Eastlands:
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnaangalia maneno tu. "Anguka Nayo" ya Wadagliz ni wimbo wa kudensi, siasa haina hata chembe. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakaenda nao. Tarehe 25 wakaingia Bunge, watu wakapigwa risasi wakafa, kesho yake Ruto akasema hatii saini. Sisemi ni wimbo uliofanya hivyo, hapana, ni watu. Lakini ulikuwa mdomoni mwao. Halafu kumbuka 2002, "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji: vijana wanajigamba tu kuwa hawatishiki, muungano wa upinzani wa NARC wakauchukua wakaingia nao Ikulu. Wimbo huenda na anayeuimba kwa sauti kubwa.

Bi Shuwari:
Mwanangu, mie wa Unguja, nimekulia kwenye taarab. Mpasho, wimbo wa kumsema mtu kwa mafumbo, ukipigwa, anayesemwa hakimbii. Huinuka yeye wa mwanzo, akaenda kutunza kwa madaha, noti juu, ili ukumbi useme "kumbe si yeye". Huyo diwani wako anatunza tu! Ungekuwa haujampata, asingeinuka kitini. Sasa usiumie kwa kutunzwa. Tazama unapigwa ukumbi wa nani na nani kalipia viti.

chapaa_kwanza:
Bi mkubwa umeua. Ila hela achukue.

Mzee wa Kaseti:
Hapo kwenye viti nimekuelewa dada. Kijana, ukipanda jukwaa lake, ule mstari wa choo utauimba au ataomba uuruke?

Kinanda_Mbovu:
Mzee, umejuaje? Leo asubuhi msaidizi wake kaniambia ubeti wa pili "si lazima". Wa pili ndio wa choo.

Bi Shuwari, shikamoo. Nimemjibu kuwa nitaimba bure, beti zote, ila sokoni, saa nne asubuhi wakati wa kukusanya ushuru, naye akipenda aje kutunza. Ujumbe ameusoma. Mpaka sasa kimya.