Mwanangu wa miaka 17 karudishwa na dereva aliyelewa, baba yake anataka tumfundishe kunywa nyumbani. Mnasemaje?

MamaPacha:
Habari zenu jamani, naombeni mawazo maana huku nyumbani tumegawanyika. Mwanangu ana miaka 17, wikiendi iliyopita karudi kutoka pati saa nane usiku, kaletwa na rafiki yake mwenye leseni mpya kabisa. Nikatoka nje kumshukuru yule kijana, kushusha kioo tu harufu ya pombe ikanipiga usoni. Nikachukua ufunguo wa gari, akalala kwetu, na mama yake nikampigia usiku uleule. Mwanangu naye alikuwa kanywa ila anadai kidogo tu.

Sasa baba yake anasema dawa ni tumpe pombe kidogo kidogo hapahapa nyumbani mbele yetu ajue kipimo chake, eti Ulaya watoto wanakunywa mvinyo mezani na wazazi wao na hawana shida yoyote. Mimi sitaki, ila nikiulizwa kwa nini nabaki kusema sitaki tu. Na hizi sheria za umri, huku 18 kule Marekani 21, zinasaidia kitu kweli au ni karatasi tu? Maana vijana pombe wanapata wakiitaka.

NesiWaZamu:
Mama pole sana, na kwa ule ufunguo uliochukua nakushukuru mimi nisiyemjua huyo kijana, huenda umeokoa zaidi ya mtu mmoja.

Kuhusu hoja ya baba, kuna utafiti wa Australia ulitoka 2018, walifuatilia vijana karibu 2000 kwa miaka 6 kuangalia hilihili la wazazi kuwapa watoto pombe. Hawakuona faida. Waliopewa na wazazi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuitafuta na kwingine pia, na hatari ya kunywa kupita kiasi nayo haikupungua. Na hiyo Ulaya inayosifiwa, ndilo eneo linaloongoza duniani kwa pombe kwa kila kichwa, na Denmark imekuwa miaka mingi kati ya nchi za juu kabisa kwa vijana wa miaka 15 na 16 kulewa. Kwahiyo mvinyo wa mezani haujawakinga.

Halafu hiki "kipimo chake" anachotaka akijue, mnywaji mwenyewe ndio wa mwisho kukijua. Pombe inaendelea kupanda kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho, nusu saa, saa nzima na zaidi, yaani mtu anashika usukani akijiona yuko poa na kilele bado hakijafika. Kushuka ndio taratibu sana, kama asilimia 0.015 kwa saa, ini haliharakishwi na kitu. Kahawa, maji baridi, kutapika, hewa safi ya dirishani, vyote havitoi pombe kwenye damu, mtu anakuwa mlevi aliye macho basi. Aliyefika 0.12 saa nane usiku, saa moja asubuhi bado yuko kama 0.045 na anaamka anasema nimelala nimepona, naendesha.

Mkongwe_Barabarani:
Mimi nitasema tofauti kidogo msinipige mawe. Umri wa 21 naona ni uonevu. Kijana wa 18 anapiga kura, anaingia jeshini, anafungwa jela kama mtu mzima, halafu bia moja ni kosa? Ujerumani wanaruhusu bia na mvinyo miaka 16 na nchi haijaanguka. Mkikataza mnawapeleka wakanywe vichakani, kwenye magari, haraka haraka kabla hawajaonekana, na hapo hakuna mkubwa wa kusema imetosha.

WakiliMdogo:
Mkongwe hoja ya kura ni hoja ya kweli, ndiyo iliyotumika Marekani yenyewe. Walishusha umri wa kupiga kura hadi 18 mwaka 1971 na majimbo kibao yakashusha na wa kunywa palepale. Kilichofuata ni ajali za vijana kuongezeka, na kwa kuwa kila jimbo lilikuwa na umri wake, watoto walikuwa wanavuka mpaka kwenda kunywa jimbo la jirani halafu wanaendesha kurudi usiku wamelewa. Sheria ikawa yenyewe inawaweka barabarani! Ndio maana 1984 bunge likapitisha kwamba jimbo lisilopandisha hadi 21 linakatwa hela za barabara kuu, likaja kesi Mahakama ya Juu 1987 na jimbo la South Dakota likashindwa, kufika 1988 yote yakawa 21. Vifo vya vijana vya ajali za pombe vilishuka sana miaka ile, japo sio umri peke yake, mikanda na adhabu kali navyo vilichangia.

Na Ujerumani uliyoitaja, malizia na nusu ya pili. Tangu 2007 dereva mpya au aliye chini ya 21 haruhusiwi hata tone akiendesha. Kwahiyo wanamruhusu bia ila ufunguo wanamnyima. Marekani nao mbali na 21 wana kikomo cha pombe kwenye damu cha chini ya asilimia 0.02 kwa dereva aliye chini ya umri huo, wakati mtu mzima majimbo karibu yote ni 0.08. Mbishane 18 au 21 mpaka kesho, ila hapo kwenye dereva kijana na sifuri au karibu na sifuri hao wawili wanakubaliana, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri 0.02 kwa madereva wapya. Sababu iko wazi, kwa kiwango kilekile cha pombe kijana yuko kwenye hatari kubwa kuliko mzoefu, kwasababu hata akiwa hajanywa bado anajifunza kusoma barabara, weka usiku, weka wenzake wanne wanaopiga kelele nyuma.

Mkongwe_Barabarani:
Hapo kwenye dereva sina ubishi, nakubali. Mlevi wa kitandani anajidhuru mwenyewe, wa kwenye usukani anachukua na asiyehusika.

MamaPacha:
Asanteni mno, hiyo ya Australia nimeshamsomea mwenzangu kanyamaza, kwake hiyo ni hatua 😅 Sasa kijana nimwambie nini? Nikimpiga marufuku pati zote najua atatoroka.

Dada_Usukani:
Mama nafundisha udereva kwahiyo nawaona hawa kila siku. Mwambie wazi kwamba pombe huiruhusu, hapo usilegeze. Ila muwekee na mlango wa pili: saa yoyote, hali yoyote, akiona dereva kanywa akupigie, utamfuata au utamlipia teksi, na usiku huo hakuna kesi. Maongezi kesho yake akishaamka. Wengi wanaopanda gari la mlevi wanajua kabisa kwamba kalewa, wanachoogopa ni simu ya nyumbani kuliko hilo gari. Ukimfokea mara moja tu akikupigia, hatakupigia tena.

Na mpe kisingizio cha kusema mbele ya wenzake maana aibu kwa umri ule ni kitu kikubwa, mkubaliane meseji moja fupi akikutumia wewe unampiga simu unamuita nyumbani kwa ukali, wenzake watakulaumu wewe sio yeye. Halafu mwambie abiria naye ana jukumu lake, Japani wanamshtaki hata aliyekubali kupakiwa huku akijua dereva kanywa, na aliyempa hiyo pombe.

Na yule mama wa rafiki mpigie tena mchana kwa utulivu mkubaliane mambo yaleyale nyumba zote mbili, maana usiku ule najua mliongea kwa hofu.