Sampuli ya kaya 384 Tandahimba: msimamizi kaikataa, kosa liko wapi?

Mdodosaji
Habari zenu wakuu. Pendekezo langu la utafiti limerudishwa. Kichwa: "Mchango wa vyandarua katika kupunguza malaria kwa watoto chini ya miaka 5, wilaya ya Tandahimba." Nimekokotoa sampuli kwa makadirio ya asilimia 50, ukingo wa kosa asilimia 5, uhakika asilimia 95, ikatoka 384. Vijiji 6, kaya 64 kila kijiji. Mtoto anapimwa kwa kipimo cha haraka, mama anaulizwa kama mtoto hutumia chandarua. Data nakusanya Oktoba na Novemba. Msimamizi kaandika pembeni: "384 yako si 384. Na hicho kichwa utakithibitishaje?" Naombeni ufafanuzi.

Kusini_Takwimu
Ana haki kabisa. Fomula uliyotumia inachukulia kwamba umechota kaya mojamoja kutoka wilaya nzima. Wewe umechota vijiji, na watu wa kijiji kimoja wanafanana: zahanati ileile, mbu wa bonde lilelile, mgawo wa vyandarua ulifika siku moja. Kaya ya 64 inakuongezea habari kidogo mno kuliko ya kwanza.

Piga hesabu ya dizaini efekti (mara ngapi sampuli inahitaji kukua kwa sababu umechota vijiji): 1 + (kaya kwa kijiji – 1) × kipimo cha mfanano wa kaya za kijiji kimoja. Tuseme mfanano ni 0.05. Kwako ni 1 + 63 × 0.05 = 4.15. Gawa 384 kwa 4.15, unabaki na uzito wa kaya 93 hivi. Ukingo wako si asilimia 5, ni 10. Ukiandika "asilimia 60 wanatumia", ukweli unaweza kuwa popote kati ya 50 na 70.

Dawa si kuongeza kaya, ni kuongeza vijiji. Kubali ukingo wa asilimia 7, kwa fomula ileile unahitaji kaya 196. Kaya 15 kwa kijiji, dizaini efekti ni 1.70, zidisha, inakuwa 334. Gawa kwa 0.9 kufidia watakaokosekana au kukataa: 372. Hivyo vijiji 25 kwa kaya 15, jumla 375. Kazi ya dodoso ni ileile, kinachoongezeka ni nauli ya bodaboda.

Vijiji vichague kwa uwiano wa ukubwa. Panga orodha yote na idadi ya kaya, jumlisha ukishuka. Jumla ikiwa 50,000, gawa kwa 25, hatua ni 2,000. Okota namba ya bahati kati ya 1 na 2,000, kisha ongeza 2,000 kila mara. Kijiji ambacho namba imeangukia ndani yake ndicho chako.

Mama_Zahanati
Mimi nagusa kichwa. Dada/kaka, ukipima chandarua na malaria siku hiyohiyo, hujui kipi kilitangulia. Mtoto akiugua, mama ndiyo anatoa chandarua kabatini anakitundika. Ukifika wiki mbili baadaye utakuta chandarua kipo na kipimo kinasoma chanya, maana kipimo cha haraka kinachosaka protini ya vimelea iitwayo HRP2 huendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha kwa dawa. Takwimu zako zitasema chandarua kinaleta malaria! Muulize mama kama mtoto alimeza dawa ya mseto ndani ya wiki 4 zilizopita, na kichwa kibadilishe kiwe "Kiwango cha matumizi ya vyandarua na mambo yanayohusiana nayo". Neno "mchango" liache.

Mwandani
Swali lako la "hutumia chandarua?" litajibiwa "ndiyo" na karibu kila mtu, hasa mtendaji wa kijiji akiwa amesimama mlangoni. Mwombe abaki ofisini baada ya kukutambulisha. Kisha orodhesha wote waliolala nyumbani humo usiku wa kuamkia leo, omba kuoneshwa kila chandarua, na kwa kila kimoja uliza: "Humu alilala nani?" Andika kama kimetundikwa au kimekunjwa.

Ongeza pia idadi ya wanafunzi wa shule ya msingi katika kaya. Mikoa ya Lindi, Mtwara (iliko Tandahimba) na Ruvuma ilianza kugawa vyandarua kupitia shule mwaka 2013, kwa hiyo kaya yenye wanafunzi inaweza kuwa na vyandarua vingi kwa sababu isiyohusu elimu ya mama wala kipato. Usipoliandika hilo, uchambuzi wako utampa mama sifa ya mgawo.

Na huo msimu! Oktoba na Novemba watu wako kwenye korosho, wengine wanalala shambani. Utakuta kufuli.

Mdodosaji
Nashukuru sana. Nikikuta kufuli, naruhusiwa kuingia nyumba ya jirani?

Kusini_Takwimu
Hapana. Aliyefunga nyumba akahamia shambani ndiye ambaye huenda analala bila chandarua. Ukimbadilisha na jirani aliyebaki, asilimia yako inapanda kwa uongo. Rudi mara 2 zaidi, moja iwe jioni, na umwulize mwenyekiti wa kitongoji shamba liko wapi. Akikosekana, mwandike "hakupatikana". Ile asilimia 10 tuliiongeza kwa ajili yake. Kaya zenyewe zichague kwa namba za bahati kutoka daftari la kitongoji, baada ya kupita na mwenyekiti kuongeza wapangaji na waliohamia karibuni, kwa sababu hao ndio daftari huwasahau.